Unaturalia katika uchoraji wa bahari: maana yake

Unaturalia ni mkondo wa sanaa uliomtaka mchoraji aonyeshe kitu kama macho yanavyokiona, bila kukipamba wala kukibebesha kisa. Ulipata nguvu Ufaransa katikati ya karne ya 19, na mhakiki Jules-Antoine Castagnary aliupigia debe katika miaka ya 1860. Mimi naona hakuna mahali unapotofautiana na ulimbwende uliotangulia, yaani mkondo uliotukuza hisia kali na mikasa, kama kwenye picha za bahari.

Chukua "Wimbi la Tisa" la Mrusi Ivan Aivazovsky, la mwaka 1850. Manusura wameng'ang'ania mabaki ya mlingoti, wimbi kubwa linawajia, anga limejaa mwanga wa dhahabu. Ni picha ya kustaajabisha, lakini bahari yake ni uwanja wa mkasa wa binadamu. Aivazovsky mwenyewe alichora akiwa ndani, kwa kumbukumbu.

Mfaransa Gustave Courbet alishika njia nyingine. Mwaka 1869 alikaa Étretat, pwani ya Normandy, akachora wimbi baada ya wimbi. Katika nyingi ya picha hizo hamna mtu. Rangi aliipaka kwa kisu, nzito, hata povu likatuna juu ya turubai.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mmarekani Winslow Homer, aliyehamia Prouts Neck, jimbo la Maine, mwaka 1883 na kuishi hatua chache kutoka majini. Picha yake ya dhoruba, "Northeaster", ilipoonyeshwa mwaka 1895 ilikuwa na wanaume wawili waliojikunyata mwambani wakiwa na nguo za mvua. Baadaye aliirudia, akawafuta kwa rangi. Pakabaki jabali jeusi, wimbi linalovunjika na rasharasha zinazoruka juu. Kwa kuwaondoa wale wawili, aliondoa swali la nani atapona, na jicho likabaki na maji tu.

Isidhaniwe kwamba unaturalia ni kunakili kila tone. Homer alichagua, akafuta, akarudia. Kwa hiyo ukisimama mbele ya picha ya namna hii, usitafute kisa. Angalia maji yanabadilikaje rangi pale wimbi linapokonda kabla ya kuvunjika, na povu linateremka vipi kwenye mwamba. Aliyekulia pwani atajua mara moja kama mchoraji alikuwa akitazama kweli.