Kabla ya ulimi, uliza hewa inasukumwa na nini

Karibu kila mwanafunzi anayeingia darasani kwangu hapa Arusha ameshakariri maswali matatu ya kuainisha konsonanti: inatamkiwa wapi, inatamkwaje, na nyuzi sauti zinatetema au hazitetemi. Muulize /p/, atakujibu bila kusita: ya midomo, kipasuo, si ghuna. /z/ je? Ya ufizi, kikwamizo, ghuna. Yuko sahihi kabisa. Ila kuna swali lililopaswa kutangulia hayo yote, nalo tunalipita juu juu mno: hewa inasukumwa na nini?

Kwa sauti nyingi jibu ni mapafu. Hewa inapanda, inapita kwenye koromeo, kisha kinywani inazuiwa, inabanwa au inageuziwa njia ya puani. Weka kiganja shingoni, vuta sss, halafu zzz. Ulimi haujasogea, ni nyuzi sauti zimeanza kutetema. Irabu zetu tano nazo zinategemea hewa hiyohiyo, njia ikiwa wazi, huku ulimi na midomo vikibadili umbo la kinywa.

Lakini mwalimu wa fonetiki mkoani Arusha akiishia hapo anaacha utajiri mlangoni. Kimeru ni Kibantu, Kimaasai ni cha Kinailoti, Kiiraqw cha Karatu ni cha Kikushi, na Kihadza cha kando ya Ziwa Eyasi hakina ndugu anayejulikana, ingawa zamani kiliwekwa kundi moja na lugha za Khoisan za kusini mwa Afrika. Ndani ya mkoa mmoja unasikia njia zote kuu ambazo lugha za dunia hutumia kusukuma au kuvuta hewa.

Chukua Kimaasai. Katika b, d, j na g zake, koromeo hushuka kidogo wakati midomo au ulimi umefunga. Nafasi ya ndani inapanuka, shinikizo la hewa linapungua, na sauti inatoka kama imemezwa. Wamaasai hawako peke yao. Gusa koromeo lako, useme "baba" taratibu. Wengi waliokulia Kiswahili watahisi linateremka. Sasa sema "mbali". Baada ya nazali, yaani sauti ya puani kama m, b hiyo inarudi kuwa ya kawaida.

Kiiraqw kina sauti zinazokwenda kinyume. Nyuzi sauti zinafunga kabisa, ulimi nao unafunga, kisha koromeo linapanda kama mti wa pampu ya baiskeli. Hewa iliyonaswa katikati inabanwa, na ulimi ukiachia inatoka kwa kishindo kikavu. Ndiyo tl inayoanza jina la Tlawi, kule Mbulu: hewa hutokea pembeni mwa ulimi, na mapafu hayahusiki. Ukisoma "Tilawi" umechomeka irabu isiyokuwepo. (Lugha hiyohiyo ina q inayotamkiwa kwenye kidakatonge, na hh ya ndani kabisa kooni. Zinastahili makala yao.)

Halafu vidoko vya Wahadzabe. Nyuma ya ulimi inaziba kaakaa laini, mbele inaziba kwenye meno au ufizi, na katikati panabaki kijifuko cha hewa. Ulimi ukishuka, kijifuko kinapanuka. Mbele ikiachia, hewa ya nje inaingia kwa mlio. Sote tunapiga milio ya namna hii tukionyesha kuudhika au tukihimiza punda. Kwa Mhadzabe ni konsonanti kamili ndani ya neno, kama k au t kwetu.

Jedwali la kimataifa la sauti, linalotunzwa na chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, huziweka sauti hizi zisizo za mapafu katika kisanduku chake, chini ya jedwali kuu. Nawasihi walimu wenzangu msikiruke kisanduku hicho. Wanaozitamka sauti zake ni majirani zetu, na watoto wao wamo madarasani mwenu.

Wanafunzi huniuliza Mhadzabe anapumuaje akipiga vidoko. Vuta ng' ya "ng'ombe" bila kuikata. Nyuma ya ulimi tayari imefunga, na hewa ya mapafu inapita puani. Ukiendelea hivyo hivyo, piga kidoko kwa ncha ya ulimi. Mvumo wa puani haukatiki, kwa sababu kidoko kinatumia kile kijifuko cha mbele tu. Hapo umetamka kidoko cha nazali, na Kihadza kinavyo.