Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Wiki iliyopita aliingia ofisini kwangu bwana mmoja wa makamo, akaweka mezani barua ya usimamizi wa mirathi aliyoifunika kwa plastiki ili isichakae, akaniomba nimwandalie mkataba wa kuuza nyumba ya marehemu baba yake kwa kuwa, kwa maneno yake, "mahakama imeshanipa nyumba." Ndani ya nyumba hiyo wanaishi mama yake mzazi na dada zake wawili. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno tangu nianze uwakili hapa Tanzania, na safari hii nimeona heri niandike kuliko kuendelea kusaga meno.

Alichopewa na mahakama ni kazi, tena kazi ya kuwatumikia wengine: kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na gharama za mazishi, kuwagawia warithi kinachobaki, kisha kurudi mahakamani kueleza alichofanya. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa awe amewasilisha orodha ya mali na madeni katika Fomu Namba 5 ndani ya miezi minne, na baadaye hesabu katika Fomu Namba 6. Aliyeteuliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ana miezi sita ya orodha na mwaka mmoja wa hesabu, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Barua ya mgeni wangu ilikuwa ya mwaka 2016. Nilipomuuliza kuhusu Fomu Namba 5, alinitazama kana kwamba nimemuuliza namba ya kiatu cha hakimu.

Hata hivyo, lazima nikiri kwamba sheria yenyewe imechangia upotofu huu. Nyumba yenye hati haihami moja kwa moja kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi, bali msimamizi huandikishwa kwanza kwa msajili wa hati, jina lake likaingia pale lilipokuwa la marehemu. Mtu akiona jina lake kwenye hati hasomi tena maneno yanayofuata, yanayosema kwamba ameandikwa kama msimamizi tu, na maneno hayo ndiyo yenye uzito wote. Isitoshe, msimamizi anayo mamlaka ya kweli: anaweza kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya mirathi, na anaweza kuuza mali pale usimamizi unapohitaji, kwa mfano kulipa deni. Kwa hiyo ninapowaambia wajane kwamba mwanao si mmiliki, nasema kweli, lakini siwaambii kwamba hawezi kuuza, kwa sababu akimuuzia mnunuzi asiyejua lolote, aliyelipa kwa nia njema, kuirudisha nyumba ile ni safari ndefu isiyo na uhakika, na mara nyingi warithi huishia kumdai ndugu yao fedha ambazo zilishakwisha zamani.

Ndiyo maana huwa nawasihi wazee waachane na kauli ya "mkubwa nimeshamkabidhi, atawaangalia wenzake." Huko ni kumtaja msimamizi na kuliacha swali la nani apate nini likining'inia hewani. Wosia uyaseme yote mawili, kila moja katika sentensi yake. Kikao cha ukoo nacho hupendekeza jina tu. Mahakama za Mwanzo hudai muhtasari wake kwa mazoea, lakini muhtasari huo haumfanyi mtu kuwa mrithi wala haumwondolei mtu urithi wake.

Kuhusu wosia wenyewe nitapita haraka. Kwa kanuni za kimila za mwaka 1963, ajuaye kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji wanne. Mwislamu hausii zaidi ya theluthi ya mali yake, wala hamuusii mrithi wake bila ridhaa ya warithi wengine. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hupokea na kutunza wosia, jambo ambalo ni bora kuliko sanduku la bati chini ya kitanda ambalo ufunguo wake anao mtoto mmoja.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Mzee aliyebatizwa, akafunga ndoa kanisani, kisha akaoa mke wa pili kimila na kuzikwa kijijini kwa taratibu za ukoo, mirathi yake itafuata sheria ipi? Mahakama hutazama jinsi alivyoishi na nia yake. Kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado tunaitumia, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja. Kwa Sharia ya Kiislamu mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiacha watoto. Kwa kanuni zile za kimila anaweza asipate chochote, na Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kwamba zina ubaguzi lakini haikuzifuta. Familia zikiniuliza, mimi hutoa maoni kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na hakika hiyo mara nyingine sina. Sina hakika pia ni kiasi gani cha nyumba mahakama itamtengea mjane aliyebeba matofali na kuuza vitumbua ili ijengwe, kabla mirathi haijaanza kugawanywa, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeeleza mgawanyo wa mali wakati wa talaka na kutengana, na juu ya kifo imenyamaza. Wanandoa walio hai wangeniondolea mashaka hayo kwa kuandikisha hati kwa majina yao mawili, kwa umiliki wa pamoja ambao sehemu ya anayefariki huenda kwa aliyebaki. Wengi huniambia watalishughulikia baada ya mavuno.

Mgeni wangu alinisikiliza hadi mwisho, akaichukua barua yake, akauliza kwa adabu kama namfahamu wakili mwingine jirani. Nilimjibu kwamba ningependa kwanza kumsikia mama yake, na nikamwandikia tarehe ya kuja naye.