Hapana, katika falsafa si kila jibu ni sahihi

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno katika mijadala ya falsafa ninayoiongoza kwa wasikilizaji ambao hawakuisomea fani hii, na sasa naona heri niijibu kwa maandishi. Mjadala unapofika mahali pagumu, pale hasa unapoanza kunoga, mtu hujitokeza kwa nia njema na kutangaza kwamba katika falsafa hakuna jibu lisilo sahihi: kila mtu ana maoni yake, na yote yaheshimiwe. Wenzake huafiki, wengine hushusha pumzi, na kuanzia hapo hakuna tena anayemuuliza mwenzake sababu. Linaloniudhi zaidi ni kwamba kauli hiyo husemwa kana kwamba ndiyo kanuni ya kwanza ya falsafa, ambayo sote tunapaswa kuikubali kabla ya kuanza.

Naelewa inakotoka. Mtu asiye na shahada huogopa kuaibishwa na wenye misamiati mikubwa, na kauli hii humpa kinga. Lakini kinga hiyo inamdhulumu, kwa sababu maoni yasiyoweza kukosea hayawezi pia kupatia. Tunayapokea kama tunavyopokea habari kwamba fulani anapenda rangi ya kijani, kisha tunampisha msemaji mwingine. Anayekuja kufikiri pamoja na wenzake anastahili zaidi ya hapo: anastahili hoja yake ipimwe.

Ndani ya kauli hiyo yamebanwa madai matatu yaliyo tofauti. Kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na maoni ni kweli, na sina la kuongeza. Kwamba wanafalsafa hawakubaliani juu ya maswali mengi makubwa ni kweli vilevile. Dai la tatu, kwamba kwa hiyo hakuna jibu lililo bora kuliko jingine, halitokani na hayo mawili kwa mantiki yoyote. Watu walipingana kwa karne nyingi kama dunia inalizunguka jua au jua linaizunguka dunia, na kupingana kwao hakukuzifanya pande zote mbili ziwe sahihi.

Hapo hujibiwa kwamba katika elimu ya nyota jibu lilipatikana hatimaye, ilhali falsafa haina jibu, na pasipo jibu sahihi hatuna namna ya kusema lipi limekosea. Dhana hii ndiyo mzizi wa tatizo lote, na ni potofu. Mtazameni Euthyphro katika mazungumzo aliyoyaandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Anakwenda kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji, akiwa na hakika kwamba anajua uchaji ni nini. Socrates, mwalimu wa Plato, anapomuuliza, Euthyphro anajibu kwamba uchaji ni kile wanachokipenda miungu. Lakini Euthyphro huyohuyo anaamini kwamba miungu hugombana, kwa hiyo kitendo kimoja kitapendwa na mmoja na kuchukiwa na mwingine, nacho kitakuwa cha uchaji na kisicho cha uchaji kwa wakati mmoja. Anairekebisha fasili yake: ni kile wanachokipenda miungu wote. Ndipo linapokuja swali ambalo mpaka leo linawashughulisha wanafalsafa wa dini: je, kitu ni cha uchaji kwa sababu miungu wanakipenda, au wanakipenda kwa sababu tayari ni cha uchaji? Mazungumzo yanakwisha bila fasili yoyote kusimama, na Euthyphro anaondoka kwa haraka. Hata hivyo, fasili zilianguka, na hakuna aliyehitaji kulijua jibu sahihi ili aone kwamba zimeanguka. Ilitosha kuziweka kando ya mambo mengine ambayo mwenye kuzitoa alikuwa ameshayakubali.

Hali ni hiyohiyo katika falsafa ya karibuni. Kwa muda mrefu wengi waliona kwamba kujua jambo ni kuliamini, jambo lenyewe liwe kweli, na mwenye kuamini awe na sababu za kutosha. Mwaka 1963 mwanafalsafa Mmarekani Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa 3 tu, yenye mifano kinzani miwili, na fasili hiyo ikayumba. Mfano wa aina hiyo aliowahi kuutoa mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell mwaka 1948 ni rahisi zaidi: mtu anaitazama saa iliyosimama bila kujua kwamba imesimama, na kwa bahati inaonyesha wakati uleule uliopo. Anaamini, imani yake ni kweli, na ana sababu ya kuamini. Lakini wengi wetu tunasita kusema kwamba anajua. Wanafalsafa bado wanabishana kuhusu fasili ya kuwekwa mahali pa ile ya zamani, ila ni wachache mno wanaodai kwamba ile ya zamani ilitosha jinsi ilivyokuwa. Hayo ni maendeleo, na msikilizaji yeyote anaweza kuyafuata bila kusoma hata muhula mmoja.

Sasa nifike kwa Protagoras, Mgiriki wa zama za Socrates, maana mara nyingi hujitokeza mtu anayesema, kwa haki kabisa, kwamba hata yeye ana mwanafalsafa upande wake. Protagoras alifundisha kwamba mwanadamu ndiye kipimo cha vitu vyote, na vitabu vya utangulizi humjibu kwa aya moja: kama kila anachokiamini mtu ni kweli, basi imani ya wale wanaosema kwamba Protagoras amekosea ni kweli pia, kwa hiyo amejipinga mwenyewe. Nakiri kwamba jibu hilo haliniridhishi kama vitabu hivyo vinavyotaka liniridhishe. Protagoras anaweza kusema kwamba imani ya wapinzani wake ni kweli kwao, na yake ni kweli kwake, na hapo bado hajajipinga. Ninachokiona mimi ni kwamba gharama ya kujiokoa hivyo ni kubwa, kwa kuwa hawezi tena kutuambia kwamba sisi tunapaswa kukubaliana naye. Huo ni ugumu wa kweli, ingawa sina hakika kwamba unaimaliza nadharia yake. Hata hivyo, aliyeichagua nadharia hiyo ameshaingia kwenye mjadala, na anawiwa hoja sawa na sisi wengine. Hawezi kuitumia kama amri ya kunyamaza.

Wala isidhaniwe kwamba ninawatakia wasikilizaji kazi wasiyoiweza. Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka aliwahoji wazee wenye hekima, wakiwamo ambao hawakupata elimu ya shule, akatofautisha wale wanaoikariri hekima ya jamii yao na wale wanaoweza kuihoji na kuitetea kwa hoja zao wenyewe. Kipimo chake hakikuwa cheti.

Kinachonitia shaka ni nafasi yangu mwenyewe. Katika mazungumzo mengine ya Plato, Socrates anamwuliza kijana mtumwa asiyefundishwa jiometria namna ya kupata mraba wenye eneo mara mbili ya ule wa futi 2 kila upande. Kijana anasema tuurefushe upande mara mbili, wanapata futi za mraba 16 badala ya 8. Anasema futi 3, wanapata 9. Mwishowe wanafika kwenye mraba uliochorwa juu ya ulalo, yaani mstari unaounganisha pembe mbili zinazotazamana za mraba wa kwanza. Makosa aliyaona mwenyewe, na hilo nalipenda sana. Ila ulalo wenyewe ulichorwa na Socrates, na maswali yake mengi yalihitaji tu jibu la ndiyo au hapana. Mwanafalsafa Mjerumani Leonard Nelson, katika mhadhara wake wa mwaka 1922 huko Göttingen, alisisitiza kwamba mwalimu wa njia hii ya kufundisha kwa maswali asitoe majibu. Lakini hata asiyetoa majibu huchagua swali linalofuata, na katika kuchagua huko kuna msukumo ambao washiriki hawauoni. Kwa hiyo kundi likifikia hitimisho haraka mno, namwomba aliyelikubali kwa nguvu zaidi alijengee pingamizi zito kadiri awezavyo. Akishindwa kupata hata moja, nalihesabu hitimisho hilo kuwa langu, si lao, na tunarudi nyuma kutafuta ni swali gani langu lililowasukuma huko.