Udongo mweusi wa mbuga: jina lake hupatikanaje?

Ukichimba msingi wa nyumba Kabete, magharibi mwa Nairobi, utakutana na udongo mwekundu unaokatika kwa jembe bila ubishi, na chini yake mwekundu tena. Ukichimba Embakasi, mashariki mwa jiji hilohilo, utakutana na udongo mweusi unaong'ang'ania koleo wakati wa mvua na kukauka kama tofali wakati wa kiangazi, ukiwa na nyufa ambazo mkono unaingia. Mafundi wa Nairobi wanauita "black cotton" na hawataki kuusikia. Watakuambia uuzoe wote kabla ya kumwaga zege. Tanzania, hasa Usukumani, ndio udongo wa mbuga. Katika vitabu vya sayansi ya udongo unaitwa vertisoli, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza.

Jina hili la mwisho halitolewi kwa kuangalia tu. Kabla udongo haujaitwa vertisoli ni lazima ubainishwe, yaani uelezwe kwa vipimo na kwa mazingira yake mpaka ijulikane ni udongo wa aina gani, unatenda nini, na una undugu na upi. Wengi hudhani kazi hiyo ni kujaza mfuko, kuupeleka maabara na kusubiri karatasi. Karatasi ya maabara ni shahidi mmoja tu. Wapo wengine wawili, tabianchi na umbo la ardhi, na shahidi wa maabara anaweza kusema kweli tupu na bado akakupotosha usipowasikiliza hao wenzake.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiyo inayowadanganya wengi. Weusi hutufanya tuwaze mboji na rotuba. Lakini miteremko ya Meru na Kilimanjaro nayo ina udongo mweusi, uliotokana na majivu ya volkano, na huo ni andosoli, kitu kingine kabisa. Andosoli ni nyepesi. Lita moja yake, ikipimwa kama ilivyokaa ardhini na kisha kukaushwa, haizidi gramu 900. Bonge kavu la vertisoli lenye ukubwa huohuo linaweza kukaribia kilo mbili. Andosoli ina mboji nyingi kweli. Vertisoli mara nyingi ina kaboni ya mboji kiasi cha asilimia 1 hivi, na weusi wake unatokana na mboji hiyo kidogo kushikamana sana na mfinyanzi. Kwa hiyo mkulima anayenunua shamba kwa kufuata weusi ananunua kivuli.

Kazi yenyewe huanzia shimoni. Huchimbwa shimo la kina cha mita moja na nusu au mbili, ukuta mmoja ukaelekezwa juani, kisha matabaka yakasomwa kutoka juu kwenda chini: rangi kwa kulinganisha na kitabu cha rangi cha Munsell, ulaini kwa kufinyanga vidoleni, mizizi, mawe, vinundu vya chokaa. Sampuli huchukuliwa kwa mpangilio wa kinyume, kutoka tabaka la chini kupanda juu, ili vumbi la juu lisianguke na kuchafua la chini. Ni jambo dogo, lakini sampuli nyingi zimeharibika hapo.

Kwenye shimo la udongo wa mbuga kuna kitu ambacho hakuna maabara itakayokuonyesha. Ukibandua bonge kutoka ukutani, utaona sura zake zinang'aa na zina michirizi, kama ubao uliosuguliwa. Mabonge yenyewe yamekaa kama kabari, ncha zake zikiinama kati ya nyuzi 10 na 60 kutoka usawa wa ardhi. Hizo ni alama za udongo uliosukumana wenyewe kwa wenyewe. Maji yakiingia, udongo hutanuka. Chini hakuna nafasi, basi bonge moja hupanda juu ya jingine na kuliteleza. Zamani ilielezwa kwamba chembe za juu huanguka ndani ya nyufa kila kiangazi, hadi udongo mzima ukageuka chini juu kama chapati. Siku hizi maelezo hayo yamepunguzwa nguvu, maana umri wa kaboni katika udongo wa aina hii umepimwa na kuonekana unaongezeka kadiri unavyoshuka chini, jambo lisilowezekana kama kila kitu kingekuwa kinachanganywa. Msukumano ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi. Jina la "kugeuza" limebaki hata hivyo.

Sasa maabara. Sampuli hukaushwa kivulini, hupondwa na kupitishwa kwenye chekeche la milimita 2. Kipimo cha kwanza ni mgawanyo wa chembe: mchanga, mchangatope na mfinyanzi. Udongo hutikiswa ndani ya maji yenye dawa ya kutenganisha chembe, ukamwagwa kwenye silinda ya kioo, kisha haidromita, kifaa kinachoelea na kupima uzito wa mchanganyiko huo, ikatumbukizwa. Mchanga huzama ndani ya sekunde 40. Baada ya saa mbili kinachoelea huhesabiwa kuwa mfinyanzi. Ili kuitwa vertisoli, udongo unatakiwa uwe na mfinyanzi usiopungua asilimia 30.

Hapa ndipo shahidi wetu anapoanza kupotosha. Udongo mwekundu wa Kabete, ambao wataalamu huuita nitisoli, unaweza kutoa asilimia 60 ya mfinyanzi. Udongo mweusi wa Embakasi unaweza kutoa asilimia 60 vilevile. Kwenye safu hiyo ya karatasi ni mapacha. Lakini mwekundu hupitisha maji vizuri, haupasuki na unabeba nyumba. Mweusi hutuamisha maji na kupasua kuta. Na ukipeleka andosoli ya Meru kwenye silinda hiyohiyo, mfinyanzi wake hautengani sawasawa, haidromita ikasema ni kichanga huku vidole vyako vikisema ni kitu laini chenye utelezi. Mimi katika ugomvi wa namna hiyo huwa naviamini vidole.

Kinachowatenga mapacha ni aina ya mfinyanzi, si wingi wake. Mfinyanzi ni madini yenye umbo la kurasa. Katika kaolinaiti, inayotawala udongo mwekundu, kurasa zimegandana na maji hayapiti katikati. Katika smektaiti, inayotawala udongo wa mbuga, kurasa zimeshikana kidogo tu. Maji yakija huingia kati ya ukurasa na ukurasa na kitabu kizima kinavimba. Kurasa hizo pia zina chaji hasi, nazo hushikilia kalisi, magnesi, potasi na sodiamu. Maabara hupima uwezo huo wa kushikilia kwa kuosha udongo kwa chumvi ya amonia, ikajaza nafasi zote, kisha kuhesabu amonia iliyoshikwa. Kaolinaiti tupu hutoa sentimoli (kipimo cha wingi wa chaji) 3 hadi 15 kwa kilo. Smektaiti hutoa 80 au zaidi. Vertisoli nzima, ikiwa na mchanga na vyote, kwa kawaida husoma kati ya 30 na 80. Namba hiyo moja hutofautisha Kabete na Embakasi kuliko safu zote za mgawanyo wa chembe. Tahadhari ni hii: udongo wa mbuga ukiwa na vinundu vya chokaa, chumvi hiyo ya amonia huyeyusha chokaa pia, na karatasi ikaonyesha kalisi nyingi kuliko nafasi zilizopo. Ukiona jumla ya madini imepita asilimia 100 ya nafasi, usishangilie rotuba. Ni chokaa.

Kuna kipimo kingine rahisi mno, na nakipenda kwa sababu mtu yeyote anaweza kukielewa. Finyanga kijiti cha udongo mbichi chenye urefu wa sentimita 10, ukikaushe, ukipime tena. Kama kimebaki sentimita 9.4, kimepungua 0.6; gawa kwa 9.4 utapata 0.064. Maabara hupima kwa bonge lisilovurugwa na kwa unyevu maalumu, lakini wazo ni hilohilo, na kuanzia 0.06 kwenda juu udongo huhesabiwa kuwa wa kuvimba na kusinyaa. Wahandisi wa barabara wana kipimo chao cha jamii hiyo, kwa kutumia kihori kidogo cha chuma.

Lakini kuvimba kwa kijiti mezani hakutoshi kupasua ardhi. Ardhi hupasuka ikiwa mbingu zinakubali, na huyo ndiye shahidi wa pili. Smektaiti inayokaa majini mwaka mzima haipasuki. Inayokaa jangwani bila kuloa haivimbi. Lazima pawepo zamu. Nairobi hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Disemba, na katikati udongo hukauka. Usukumani mvua huanza Novemba hivi na kwisha Aprili au Mei, kisha kiangazi kimoja kirefu. Kwa hiyo anayebainisha udongo huomba takwimu za kituo cha hali ya hewa: mvua ya kila mwezi, uvukizi, joto. Joto la udongo lenyewe hupimwa kwenye kina cha sentimita 50, mahali ambapo jua la mchana na baridi ya usiku havifiki sana.

Juu ya jambo hili mifumo miwili mikubwa ya majina haielewani. Mfumo wa Marekani huingiza tabianchi ndani ya jina: udongo wa mbuga unaokaa mkavu siku 90 au zaidi kwa mwaka, lakini ukapata mvua ya msimu, huitwa usteti, na silabi ya kwanza ndiyo inayotaja ukavu huo. Mfumo wa kimataifa unaotumika zaidi Afrika Mashariki, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2022, umeacha tabianchi nje kwa makusudi, kwa hoja kwamba udongo uitwe kwa sifa zake wenyewe na si kwa hali ya hewa inayopita juu yake. Kwa mtunza ramani hoja hiyo ni safi. Kwa mkulima anayetaka kujua ana siku ngapi za kulima kabla udongo haujawa tope au haujawa jiwe, jina la Kimarekani lina habari zaidi.

Shahidi wa tatu ndiye mwenye hadithi ya hapa kwetu. Mnamo miaka ya 1930, mtaalamu Mwingereza Geoffrey Milne alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanga. Alipewa kazi ya kuchora ramani ya udongo wa eneo kubwa mno, na akagundua kwamba aina za udongo hazikutawanyika ovyo. Ukishuka kutoka kilima hadi bondeni unapita mfuatano uleule: mwekundu au wa kichanga juu, wa kijivu katikati, mweusi chini. Ukipanda kilima cha pili, unaupita tena kinyumenyume. Mwaka 1935 akaupa mfuatano huo jina la katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Neno hilo limeenea duniani kote, na wengi wanaolitumia hawajui lilizaliwa Tanganyika.

Maana ya katena ni kwamba udongo wa bondeni hauelezeki bila wa kilimani. Mvua huosha kalisi, magnesi na silika kutoka juu. Chuma kinabaki na kuupa mlima wekundu wake, pamoja na kaolinaiti. Vilivyooshwa hukusanyika chini, mahali maji hayana pa kutokea, na huko smektaiti hujengeka. Ndiyo maana Kabete na Embakasi, ingawa zote zimekalia miamba ya volkano, zimepata udongo tofauti: Kabete iko juu, ina mvua zaidi na miteremko inayotoa maji; Embakasi, kuelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambao uko mita 1,624 kutoka usawa wa bahari, nchi imelala tambarare, mvua imepungua na maji hutuama.

Wasukuma walikuwa na majina ya mnyororo huo muda mrefu: luseni kwa udongo wa kichanga wa juu, itogolo na ibambasi kwa ule mgumu wa miteremko ya chini, kisha mbuga yenyewe, ambako leo yanajengwa majaruba ya mpunga. Tabia ileile ya kuvimba inayopasua kuta za Embakasi huziba sakafu ya jaruba, maji yakakaa. Vivyo hivyo Mwea, Kenya, ambako mpunga unalimwa juu ya vertisoli.

Siku hizi umbo la ardhi hupatikana kwa satelaiti, na kompyuta huweza kukisia aina ya udongo kwa mteremko, mvua na mashimo machache yaliyochimbwa. Ramani hizo zinasaidia, ila zitumiwe kwa kujua kipimo chake. Ramani ya udongo ya Kenya nzima iliyochapishwa mwaka 1982 ina kipimo cha moja kwa milioni, maana yake sentimita moja ya karatasi ni kilomita 10 za ardhi. Katika kilomita 10 unaweza kupanda na kushuka katena nzima mara kadhaa.

Basi ukipeleka sampuli maabara, andika kwenye mfuko zaidi ya jina la shamba. Andika kina kilikotoka, kama ni juu ya kilima, mtelemkoni au bondeni, mwezi ulioichimba na lini mvua ilinyesha mwisho, na kama uliona nyufa, upana wake.