Saa ya nje haiongezi utamu wa sauti

Swali hili naletewa sana na maprodyuza vijana: "Kaka, nikinunua saa ya nje, kadi yangu ya sauti itatoa sauti safi zaidi?" Kadi ya sauti ni kile kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta; saa ya nje ni kifaa cha pembeni cha kukipigia mdundo wa kazi yake. Anayeuliza mara nyingi anarekodia chumbani, kuta tupu, mwangwi umejaa. Inaniuma, maana bei ya saa hiyo ingemtosha maikrofoni nzuri na magodoro ya kuzimia mwangwi.

Dhana: saa ya nje ni bora kuliko ya ndani, kwa hiyo sauti itasafika.

Kadi ya sauti hupima wimbi mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Anayepiga mdundo wa vipimo hivyo ni kristali ndogo iliyomo humo humo, jirani kabisa na kigeuzi, yaani sehemu inayogeuza wimbi la sauti kuwa namba. Kinachochafua sauti ni kipimo kimoja kuwahi na kingine kuchelewa, kitu ambacho mafundi hukiita jita. Ukichomeka saa ya nje, mdundo unakuja kwa waya, na kadi haiuchukui ulivyo. Ina saketi ya kuufuata, ambayo kazi yake ni kujirekebisha muda wote ili mwendo ulingane na ule unaoingia. Kufuata ni kazi ngumu kuliko kristali kutulia peke yake. Hata saa ikiwa ya dhahabu, kadi inaisikia kwa masikio yake yenyewe.

Mwaka 2010 jarida la Sound On Sound la Uingereza lilivipima vigeuzi kadhaa, kwanza kwa saa zao za ndani, kisha kwa saa za nje, zikiwemo za bei mbaya. Saa za nje hazikuvipandisha daraja. Kwa jumla vilifanya kazi vizuri zaidi kwa saa zao wenyewe.

Dhana: basi ninunue saa ya atomiki.

Saa ya atomiki, kama ile ya rubidi, inasifika kwa kutopotea njia kwa miezi na miaka. Kristali ya kawaida ikikosea sehemu 50 kwa milioni, wimbo wa dakika 4 utapishana kwa milisekunde 12 tu, na hakuna sikio la kugundua hilo. Kinachochafua sauti ni jita, nayo ni jambo la kati ya kipimo na kipimo.

Dhana: lakini mimi nimesikia tofauti.

Nami niliisikia, nilipoazima moja: besi imekaza, sauti ya mwimbaji imesogea mbele. Kisha nikamwomba mwenzangu awe anabadilisha bila kuniambia, nami naandika majibu. Yakawa ya kubahatisha. Jaribu hivyo kabla ya kutoa pesa. Na kama unachanganya wimbo ndani ya kompyuta na kutoa faili, saa haigusi chochote; hizo ni hesabu tupu.

Dhana: basi saa ya nje ni utapeli.

Hapana, ina kazi yake. Siku moja tulirekodi ngoma kwa kuongeza kifaa cha kuingizia sauti cha njia nane, kimeunganishwa na kadi kwa waya wa mwanga. Kusikiliza, pale mkono unapoachia ngozi na ukimya kuingia: tik. Sekunde mbili, tik tena. Kila kifaa kilikuwa kinafuata saa yake. Vikipishana sehemu 10 tu kwa milioni, kwenye vipimo 48,000 kwa sekunde, kipimo kimoja huzidi au hupungua takriban kila sekunde mbili. Dawa ilikuwa kwenye menyu: kuiambia kadi ifuate saa inayoingia na waya ule wa mwanga. Hatukununua kitu.

Vifaa vikiwa vingi, vigeuzi vitatu vinne pamoja na meza ya kidijitali, au sauti inayotakiwa kwenda sambamba na picha za televisheni, hapo saa kuu ya nje inastahili pesa yake. Mmoja aongoze, wote wamfuate. Kupeleka mdundo wake, tumia waya wa ohmu 75 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), usichukue ule wa redio wa ohmu 50 hata kama unaingia kwenye tundu, na hakikisha kifaa cha mwisho kwenye mstari kina kizuizi cha ohmu 75.