Maji Ndani ya Swichi: Kufunga na Kulinda Vifaa vya Intaneti Mnarani

Mwalimu mkuu alidhani paa linavuja. Swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa kompyuta, iliyokuwa mezani kwake ilizungukwa na dimbwi dogo la maji, lakini dari lilikuwa kavu kabisa. Nilipochomoa kebo iliyotoka mnarani, tone likaning'inia kwenye kichwa chake cha plastiki, likaanguka, likafuatwa na jingine. Maji yalikuwa yameingilia juu, mita 24 kutoka ardhini, kwenye ufa usiozidi urefu wa ukucha, yakateremka ndani ya ganda la kebo kama kwenye mrija hadi ofisini.

Aliyefunga kebo ile alitumia ya kijivu, inayouzwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba. Jua la Mwanza lilikausha ganda lake likapasuka kama ngozi ya kisigino. Kebo ya nje huwa nyeusi kwa sababu: rangi ile ndiyo inayozuia miale ya jua isiile plastiki. Ndivyo ilivyo hata kwa kamba za plastiki za kufungia. Zile nyeupe huanza kukatika zenyewe baada ya misimu michache, na kebo ikabaki inapigwapigwa na upepo kwenye chuma.

Katika kitengo chetu cha TEHAMA tunaitwa mara nyingi kwenye shule, zahanati na vyama vya akiba vya Kanda ya Ziwa kuangalia "redio iliyokufa". Redio hapa ni kile kifaa cha mnarani kinachorusha na kupokea intaneti kwa mawimbi, na mara nyingi tunaikuta nzima. Kilichokufa ni vitu vya bei ndogo vilivyoizunguka, ambavyo fundi hakuvipa muda kwa kuwa taa ya kijani ilikwisha kuwaka na mteja alikwisha kulipa.

Maji yana dawa rahisi. Kabla kebo haijaingia kwenye redio au ukutani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu, ifanye tumbo, ili matone yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Unapozungushia utepe wa mpira kwenye maungio, fanya kama mwezekaji wa makuti: anzia chini ukipanda juu, ili kila tabaka lilalie lile la chini yake. Ukianzia juu, umetengeneza ngazi ya kuingizia maji. Mdomo wa redio nao utazame chini daima. Nimeshakuta redio zilizofungwa kichwa chini miguu juu kwa sababu tu maandishi ya chapa yalisomeka vizuri zaidi hivyo.

Sasa radi, ambayo ndiyo inayotumalizia vifaa vingi kuliko kitu kingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Usiku hewa ya nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, ikakutana juu ya maji yenye vuguvugu na kupanda, ikajenga mawingu mazito. Ndiyo maana simu nyingi za "mtandao umekatika" tunazipokea asubuhi.

Watu wengi wanajua mnara unahitaji ncha ya radi juu na waya wa kupeleka umeme ardhini, ule ambao mafundi tunauita ethi. Wasichokijua wengi ni kwamba mnara wenye ethi nzuri unaweza bado kuunguza swichi, ruta na kompyuta zote ofisini. Wafugaji wa Usukumani watanielewa haraka. Radi ikipiga mti, ng'ombe waliojikinga chini yake hufa hata kama haikuwagusa. Umeme unapotawanyika ardhini, nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali na shina. Miguu ya mbele ya ng'ombe ikiwa karibu na mti na ya nyuma ikiwa mbali, volti za pande mbili zinatofautiana, na tofauti hiyo hupita mwilini mwake. Mchungaji aliyechuchumaa na kubana miguu pamoja ana nafuu kubwa zaidi.

Chukulia basi kwamba mnara ni miguu ya mbele, na jengo la ofisi, lenye ethi yake ya umeme wa TANESCO, ni miguu ya nyuma. Kebo ya mtandao inayounganisha viwili hivyo ndiyo mgongo wa ng'ombe. Dawa ni kuzibana hizo "nyayo": unganisha ethi ya mnara na ethi ya jengo kwa waya mnene wa shaba, usiopungua milimita 16 za mraba, uliofukiwa chini, ili radi inapopiga, volti za pande zote zipande na kushuka pamoja. Kisha weka vizuizi vya mshtuko wa umeme viwili kwenye kebo, kimoja karibu na redio juu, kingine pale inapoingia kwenye jengo, na kila kimoja kiunganishwe kwenye ethi kwa waya mfupi ulionyooka. Kizuizi kisichounganishwa na ethi ni pambo tu. Redio zenyewe zikae chini ya ncha ya radi, kamwe zisiwe ndiyo kitu cha juu kabisa mnarani.

Kwetu hapa kuna shida ya ziada: mawe. Mwanza, mji unaoitwa Rock City, yaani Jiji la Mawe, haukupewa jina hilo kwa utani. Fundi anapigilia fimbo ya shaba, inagota kwenye jabali baada ya sentimita 40, anachukua msumeno na kuikata iliyobaki ili ionekane imezama yote. Nimewahi kuvuta moja kwa mkono mmoja ikatoka kama karoti. Penye mwamba, achana na kwenda chini, nenda pembeni: chimba mifereji mitatu au minne inayotoka kwenye kitako cha mnara, laza utepe wa shaba, funika kwa udongo mfinyanzi unaoshika unyevu. Wapo wanaochanganya mkaa na chumvi. Inasaidia kwa muda, lakini mvua huiosha chumvi, na kabla haijaisha huwa imekwisha kuila shaba. Halafu pima. Wahandisi wengi hulenga ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyoupinga umeme, ulio chini ya omu 10, na kipimo chake ni mita maalumu ya ethi. Ile mita ya kawaida ya kupimia betri haitoi jibu sahihi.

Kuhusu kupanda, nitasema kwa ukali. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai. Ukidondoka unaweza kukuvunja mgongo au ukachomoka. Vaa hanesi ya mwili mzima yenye kamba mbili zenye kulabu, na usifungue moja kabla nyingine haijashika chuma. Asipande mtu bila mwenzake chini anayejua jinsi ya kumshusha, kwa sababu anayening'inia kwenye hanesi bila kusogeza miguu, damu hukwama miguuni na anaweza kupoteza maisha ndani ya nusu saa. Spana iliyodondoka kutoka mita 30 hufika chini kwa kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kila kifaa kifungwe kamba, na wanafunzi waliokuja kutazama wasogezwe mbali. Kabla ya kugusa kisanduku chochote juu, kigonge kwanza kwa fimbo. Nyigu hupenda sana visanduku vyetu.

Juu ya mnara, "naiona ile shule pale" haitoshi. Mawimbi ya redio hayasafiri kama uzi. Yana tumbo kama muhogo, membamba ncha zote mbili na manene katikati. Umbo hilo linaitwa ukanda wa Fresnel. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 8, unene wake katikati ni kama mita 10 kila upande, na angalau asilimia 60 ya hizo, yaani mita 6, ziwe wazi. Mwembe ulio katikati ya njia unaweza usikuzibie macho leo, ukaja kuuziba mtandao baada ya masika mawili.

Vibali ni vya kushughulikia mapema. Masafa na vifaa vilivyoidhinishwa viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na minara inayohusu njia za ndege iko chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kuongeza nguvu ya redio kupita kiwango kilichoruhusiwa hakukusaidii chochote zaidi ya kumziba jirani, naye atafanya vivyo hivyo kesho.

Kinachobaki ni mlango ambao mwizi haupandii ngazi: mtandao wenyewe. Mwezi Mei 2016, programu hasidi inayojisambaza yenyewe ilivamia redio za kampuni ya Ubiquiti zilizokuwa za watoa huduma za intaneti katika nchi kadhaa, ikaruka kutoka kifaa hadi kifaa. Kasoro iliyoitumia ilikuwa imekwisha kuzibwa na mtengenezaji tangu 2015. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Sasisha kabla hujapandisha redio, ukiwa mezani na chai yako. Badilisha jina na nywila za kiwandani, kwa sababu zile kila mtu anazijua. Washa usimbaji, yaani kuficha data ili asiyehusika asiisome, wa kiwango cha WPA2 au kipya zaidi kati ya minara, na ukurasa wa kuratibu redio usifunguke kutoka intaneti ya nje wala kutoka Wi-Fi ya wageni.

Nywila hizo ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha na kuwekwa kwenye kasha la taasisi, pamoja na picha za kila ungio na tarehe ya kupima ethi. Shule niliyoanza nayo haikuwa na bahasha hiyo. Fundi alikuwa amehama mkoa, namba yake haipatikani, na baada ya kubadilisha kebo ilinibidi nipande tena mita 24, jua la saa nane, kwenda kubonyeza kitufe cha kurudisha redio kwenye hali ya kiwandani.