Koteji ya Yorkshire msimu wa baridi: maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Kila ikifika Novemba simu yangu hupokea picha ileile. Nyumba ya mawe, moshi unafuka kwenye dohani, kondoo mbele, mlima nyuma umevaa theluji. Chini yake ndugu au rafiki wa Leicester, wa Reading, wa London, kaandika: "Dada, hii unaionaje? Tuna watoto wawili, mdogo bado ananyonya." Wananiuliza mimi kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nasimamia koteji, yaani nyumba za likizo za kijijini, huku Wensleydale, kaskazini mwa Uingereza, ndani ya hifadhi ya Yorkshire Dales. Natandika vitanda, nazoa majivu, na mimi ndiye ninayepigiwa simu saa tano za usiku mtoto akilia na nyumba haijashika joto. Kwa hiyo picha siiangalii sana. Nauliza: nyumba inapashwa joto na nini?

Huku mabondeni nyumba nyingi hazina bomba la gesi kama za mjini. Utakuta tangi la mafuta uani, na mafuta yenyewe, msicheke, ni mafuta ya taa, ndugu wa yale ya koroboi tuliyosomea. Nyingine hutegemea umeme tu, zina hita nzito zenye matofali ndani: hufyonza joto usiku umeme ukiwa nafuu, hulitoa mchana. Hita hizo ukiziwasha jioni unapofika, joto lake utalipata kesho. Na kuta zetu za mawe zina unene wa nusu mita na zaidi. Zikishapoa, moto wa saa mbili tatu hauzisumbui.

Swali la pili basi ni hili: nyumba itakuwa imewashwa tangu lini? Januari nyumba inaweza kukaa wiki mbili bila mgeni. Mwenye nyumba akikujibu kwamba atawasha asubuhi ya siku mnayofika, mwombe awashe tangu jana yake, hata kama itabidi umwongeze kidogo. Uliza pia kama gharama ya joto imo kwenye bei, na kuni ni kiasi gani. Kawaida kikapu cha kwanza ni cha bure, vinavyofuata unanunua. Kuni za kuokota msituni mziache huko huko. Tangu Mei 2021 sheria ya hapa England inataka kuni zinazouzwa kwa vifurushi vidogo ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, na sababu yake utaiona mwenyewe ukitia gogo bichi: sebule nzima moshi, kioo cha jiko cheusi, na joto hakuna.

Hapa niwaseme kidogo watu wangu. Sisi tuliokulia kwenye mafiga tunadhani moto hautushindi. Jiko la chuma lenye mlango wa kioo ni kitu kingine. Linaendeshwa kwa hewa, na ukiziba hewa yote ili kuni zidumu hadi asubuhi, unazalisha kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Ukifika tu, kabla ya kushusha mabegi, tafuta king'ora chake sebuleni ukibonyeze kusikia kama kinalia. Kisha angalia uzio wa kukinga jiko. Kioo kile huunguza kama kikaango, na mtoto anayejifunza kutembea hushika chochote kinachong'aa. Kama tangazo halitaji uzio wala geti la ngazi, uliza. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na zimesimama wima kama za mnazi, na mimi nimeshawaambia wageni waje na geti lao kuliko kuamini neno "panafaa watoto".

Upande wa pili wa kosa ni kumzidishia mtoto joto. Ushauri unaotolewa hapa Uingereza ni chumba cha mtoto mchanga kiwe kati ya nyuzi 16 na 20, naye alale kwenye mfuko wake wa kulalia badala ya kurundikiwa mablanketi. Bibi akiwa safarini pamoja nanyi mtabishana, najua. Njoo na kipimajoto kidogo, kiamue chenyewe.

Sasa mwanga. Mwishoni mwa Desemba, huku kwetu jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi kasoro robo jioni limeshazama. Bondeni, mlima unaliiba hata kabla ya hapo. Toa muda wa kunywesha chai, kuvalisha watoto wawili suti za mvua na gambuti, kumvua mmoja aliyekumbuka choo, kumvalisha tena. Unabaki na saa nne za matembezi, tano ukibahatika. Kwa hiyo panga jambo moja kwa siku, na lianze asubuhi: maporomoko ya Aysgarth, au matembezi ya kwenda Malham Cove, jabali lenye urefu wa mita 80 hivi ambalo njia yake kutoka kijijini haimshindi mtoto wa miaka minne. Anayetaka watoto wakimbie hadi jioni asubiri likizo fupi ya shule ya Februari, jua linazama baada ya saa kumi na moja.

Ila Februari hiyo, pamoja na Krismasi na Mwaka Mpya, ndipo bei hupaa. Kama watoto wenu hawajafika umri wa shule ya lazima, ambao hapa huanza muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano, njooni Januari, Jumatatu hadi Ijumaa. Nyumba ziko wazi na wenye nyumba wanasikiliza maombi ya kupunguziwa. Mwenye mtoto wa shule asijaribu ujanja huo. Siku tano za kukosa masomo bila ruhusa zinatosha kuleta faini, na tangu Agosti 2024 ni paundi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukichelewa kupita siku 21 inakuwa 160. Baba, mama na watoto wawili, piga hesabu.

Barabara ndiyo inayoharibu likizo nyingi ninazozijua. Kuna familia moja ilitoka Leeds saa kumi na moja jioni, baada ya kazi, Januari. Simu ikawachagulia njia fupi ya kwenda Hawes, mji mdogo wa bonde letu, ile inayopita mlimani Fleet Moss. Barabara hiyo inapanda hadi karibu mita 590, ni nyembamba, haina taa, na usiku ule ilikuwa na barafu ile isiyoonekana. Walisimama katikati ya mteremko, wakageuza kwa dakika arobaini, na walipofika kwangu usiku wa manane yule mama hakuongea. Simu hujali umbali, haijui chumvi. Malori ya halmashauri humwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kwanza kwenye barabara kuu, na kilomita ya mwisho ya kufikia koteji mara nyingi haimwagiwi kabisa. Ukitoka kusini panda barabara kuu ya A1 hadi Leeming Bar, ufuate A684 kupitia Leyburn mpaka Hawes. Ni mbali zaidi, na mtafika. Ondokeni mapema mfike kungali na mwanga. Nyumba nyingi hufunguliwa saa kumi jioni, kwa hiyo omba funguo saa moja kabla. Makoti mazito ya watoto yavuliwe wanapofungwa kwenye viti vya gari, maana koti hufanya mkanda ulegee. Mfunge kwanza, kisha mfunike nalo.

Wasio na gari huniuliza treni ya Settle–Carlisle, ile inayovuka daraja la Ribblehead lenye matao 24. Ni nzuri kweli. Ila angalia jina la stesheni vizuri: stesheni ya Dent iko mlimani, zaidi ya kilomita sita kutoka kijiji cha Dent. Ukishuka pale na mkokoteni wa mtoto jioni ya Desemba bila teksi uliyoiagiza, utajua maana ya jina kuwa moja na mahali pawili. Settle yenyewe ni salama zaidi, stesheni ni hatua chache kutoka madukani.

Ndiyo maana nyumba ya peke yake juu mlimani sikushauri kwa safari ya kwanza. Chukua ya kijijini, yenye duka la kufikia kwa miguu. Novemba 2021 kimbunga Arwen kilikata umeme kwa zaidi ya nyumba milioni moja, wengine wakakaa gizani zaidi ya wiki, na wageni wa baa ya Tan Hill, iliyo juu kuliko baa zote za Uingereza, walizingirwa na theluji usiku tatu. Wao walikuwa na bendi na jiko la baa. Nyinyi mtakuwa na nepi nne. Beba tochi, maziwa ya akiba ya siku mbili, na ukariri 105, namba ya kuripoti umeme uliokatika.

Chakula cha usiku wa kwanza kije kimeshaiva. Maharage na wali kwenye vyombo, mnapasha tu. Na sufuria ya pilau njoo nayo, zilizomo kabatini ni za supu ya watu wawili. Jambo moja zaidi, nisamehe: nyumba hizi hutumia mashimo ya choo ya uani, si mfereji wa mji. Vitambaa vya kufutia mtoto visitupwe chooni hata kama pakiti inaruhusu. Nimeshazibua vya kutosha.

Saa kumi na mbili jioni, watoto wakishakula, zimeni taa zote mtoke uani dakika kumi. Tangu Desemba 2020 bonde letu limo kwenye hifadhi ya kimataifa ya anga la giza. Majira ya joto mtoto inabidi akeshe hadi saa tano kuona nyota. Desemba anaiona njia ya maziwa akiwa na nguo za kulalia ndani ya koti, na saa moja yuko kitandani.